Kipande cha Ini

Mbuzi walifika Mutomo saa tano asubuhi, nyuma ya pikapu, wamefunikwa neti kama vile ni wao waliokuwa wakiolewa. Walikuwa wametoka Makindu alfajiri, wakakata kona Kibwezi, wakavuka mto Athi, wakapita Ikutha, na kila kituo mchumba wangu alinitumia picha. Mbuzi wakiwa Kibwezi. Mbuzi kwenye daraja. Mbuzi mmoja akiiangalia kamera kwa dharau. Mimi nilikuwa jikoni kwa mwaitu na kikombe cha maji moto mkononi, nikijaribu kushusha nusu kipande cha mkate nilichokula saa moja. Kilikuwa bado kifuani. Saa nne nzima, na nilikihisi pale pale, nyuma ya mfupa, kama mgeni aliyekataa kuingia na kukataa kuondoka.

Kama hujui ntheo, acha nikwambie. Kwetu Ukambani mahari unaweza kulipa hadi nywele ziote mvi, na wengi hawamalizi. Lakini mbuzi wa ntheo wasipoletwa wakachinjwa wakaliwa, hujaoa, hata mkiwa na watoto watano na picha za harusi ukutani. Watu wakigombania shamba la marehemu mahakamani, wake wawili wakitokea na majeneza ya machozi, moja ya maswali ya kwanza ni hilo: ntheo yake ilifanywa? Yaani ndoa yetu ni kitu kinachotafunwa na kumezwa. Na mimi, Desemba hiyo ya 2023, nilikuwa sijameza nyama kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Wa kwetu walijua nusu. Wa Makindu hawakujua kitu. Hilo lilikuwa kosa langu, na nitalifikia.

*

Ilianza 2021, kwa kibanda cha chakula pale Umoja, chapo mbili na ndengu. Mtu wa Kitui kukabwa na ndengu ni aibu, sisi ndio tunazilima. Lakini tonge la tatu liliteremka hadi katikati ya kifua likasimama. Nikanywa maji yalisukume. Maji nayo yakasimama juu yake. Nikahisi yanapanda, taratibu, kama mtungi unaojaa, hadi yakanitokea puani. Yule mama wa kibanda alinipiga mgongo akasema nile polepole, hakuna anayenifukuza.

Nikala polepole. Ikaja tena baada ya wiki mbili. Halafu kila wiki. Halafu nikaacha kuhesabu.

Mwili ukikataa, unajifunza vituko. Nilijifunza kwamba maji ya baridi hufunga kabisa na ya moto hulegeza kidogo, kwa hiyo nikawa natembea na thamosi hata Januari jua likiwaka. Nilijifunza kusimama, kuinua mikono miwili juu, kuvuta pumzi na kujikunja kwa nyuma, na wakati mwingine, glup, kitu kinashuka. Nilijifunza choo cha kila mkahawa kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, kipi kina mlango unaofunga. Na nilijifunza kulala nimeegemea mito mitatu, maana nikilala chali, chakula cha jioni kilirudi usiku wa manane na kunikohoza hadi machozi. Hakikuwa kichungu kama matapishi. Kilikuwa na ladha ileile ya jioni, wali ni wali. Kumbe hilo lilikuwa ni dokezo kubwa: chakula kilikuwa hakijafika tumboni hata kidogo. Hakuna aliyeniuliza kuhusu ladha.

Waliuliza mengine. Kliniki ya kwanza ilisema ni vidonda vya tumbo, ikanipa omeprazoli. Ya pili ikasema ni vidonda vya tumbo, ikanipa omeprazoli na kuongeza antibiotiki. Ya tatu ilisikia kikohozi cha usiku, ikaona nimekonda kutoka kilo 64 hadi 52, ikanipima makohozi kutafuta kifua kikuu. Hakikuwepo. Nikarudishiwa omeprazoli. Daktari wa nne, mzee mpole, alivua miwani akaniuliza kama nina shida nyumbani, kama nimeachwa, kama napenda kujiangalia sana kwenye kioo. Alidhani najitapisha makusudi. Sikumkasirikia sana. Kufikia hapo hata mimi nilikuwa nimeanza kujishuku.

Marafiki walikuwa na maoni yao. Msichana anayekimbilia chooni katikati ya chakula ana maelezo mamoja tu katika nchi hii, na walikuwa wakihesabu miezi. Miezi tisa ikapita bila mtoto, wakaanza kuhesabu upya.

*

Kulikuwa na neno ambalo nyumbani Mutomo hakuna aliyelitamka. Kaka yake mwaitu, mjomba wangu mkubwa, alikufa 2018 kwa kansa ya umio. Umio ni ule mrija wa kutoka kooni hadi tumboni, sentimita ishirini na tano hivi. Sote tunao na hatuujui jina mpaka ugome. Mjomba aliacha ugali kwanza. Akasema umekuwa mgumu siku hizi, akalaumu posho. Halafu akaacha muthokoi. Halafu wali, halafu viazi, halafu akabaki na uji, halafu uji nao ukachujwa. Miezi sita tu. Mwanaume aliyekuwa anabeba gunia la mahindi peke yake alizikwa akiwa mwepesi kama fimbo.

Na si yeye tu. Ukanda wetu huu, kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini, ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako kansa hiyo inaua watu wengi, na mpaka leo wanasayansi wanabishana sababu ni nini hasa. Chai ya moto imetajwa. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya digrii 65 kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha. Pombe na tumbaku pia. Kule Bomet, hospitali ya misheni ya Tenwek imekuwa ikiwawekea wagonjwa mirija ya kufungua njia, ili angalau mtu afe akiwa ameshiba. Kwa hiyo mwaitu aliponiona nasukuma sahani pembeni, hakuona vidonda vya tumbo wala mimba. Aliona kaka yake. Alikuwa akinipikia uji, ananiangalia nikinywa, halafu anatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Mimi pia niliamini nina ile. Ndiyo maana sikutafuta sana. Nikijua, nifanye nini? Nitaenda kupimwa baadaye, nilijiambia, kama watu wote wanaoogopa.

*

Aliyenisaidia hata sijui jina lake lote. Pasaka ya 2023 nilikwenda Makindu kuonana na wazazi wa mchumba kwa mara ya pili. Kuku wa kienyeji akachinjwa, na ukitembelea watu wa Makueni ukakataa kuku umewatukana. Nikala. Nikakwama vibaya, maumivu ya kifua hadi mgongoni, jasho, nikadhani ni moyo. Mchumba akanikimbiza kwa bodaboda hadi kliniki fulani ndogo, mlango wa bluu, na ndani alikuwepo kijana mmoja, afisa wa kliniki, anaonekana kama amemaliza chuo juzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali ambalo madaktari wanne hawakuwa wameuliza.

"Ilianza na nini, dada? Vyakula vigumu au maji?"

"Vyote."

"Hapana, fikiria. Siku za kwanza kabisa. Maji yalikuwa yanapita?"

"Siku ya kwanza kabisa maji ndiyo yalinitoka puani."

Akanyamaza. Akaandika kitu, akakifuta. Akaniambia kansa huziba njia kidogo kidogo: vigumu kwanza, laini baadaye, maji mwisho kabisa. "Wewe maji yalikataa tangu mwanzo. Na ni miaka miwili sasa, na umekuja hapa kwa pikipiki. Sisemi si kansa, lazima uangaliwe. Lakini kuna kitu kingine, niliwahi kukisoma tu, sijawahi kukiona." Akaandika neno nyuma ya risiti: akalasia. "Nenda upigwe picha ukimeza bariamu. Wakikwambia ni vidonda vya tumbo tena, usitoke kwenye kiti."

Bado ninayo ile risiti. Upande wa mbele inasema shilingi 300.

*

Bariamu ni chokaa nyeupe yenye ladha ya strobari ya uongo. Unasimama mbele ya mashine, unameza, wanakupiga picha inavyoshuka. Yangu haikushuka. Fundi wa picha aliangalia skrini, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, na nikajua nimekuwa maonyesho. Wakanionyesha: umio wangu ulikuwa umevimba kama chupa, na chini kabisa, pale unapoingia tumboni, unachongoka ghafla kuwa ncha nyembamba. Kwenye vitabu wanaita mdomo wa ndege. Kweli ulifanana na mdomo wa korongo, na mimi nilikuwa nyama iliyobaki mdomoni mwake.

Maelezo ni haya, kama nilivyoyaelewa. Umio haumwagi chakula tumboni kama bomba. Unakikamua, kwa mawimbi, na chini kuna msuli wa mviringo unaokaa umefunga na kulegea unapomeza. Neva zinazoupa msuli huo amri ya kulegea zimekufa. Kwa nini zimekufa, kwa wengi wetu hakuna ajuaye. Wanashuku kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozishambulia. Mawimbi nayo yamekwisha. Kwa hiyo juu hakuna msukumo, chini mlango umefungwa, na chakula kinakaa katikati kikingojea uzito wake. Hupata mtu mmoja hivi katika kila laki moja kwa mwaka. Ndiyo maana daktari anaweza kufanya kazi miaka kumi asimwone hata mmoja, na ndiyo maana sina kinyongo sana na wale wanne. Kidogo ninacho.

Ikafuata kamera ya kuingizwa mdomoni, kuhakikisha hakuna uvimbe umejificha pale kwenye ncha. Hakuna. Nilipompigia mwaitu kumwambia si ile ya mjomba, hakusema chochote kwa muda, halafu nikasikia akiwaita kuku, mchana, kwa sauti kubwa, bila sababu. Halafu manometria: mrija mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni, unameza maji kijiko baada ya kijiko huku kompyuta ikipima msukumo. Sitaki kuuzungumzia mrija huo. Jibu lilisema aina ya pili. Ziko tatu, na ya pili ndiyo inayoitikia tiba vizuri zaidi, ya tatu ndiyo sugu. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, alinipongeza kana kwamba nilikuwa nimeichagua.

Akachora umio kwenye karatasi na kunionyesha njia.

Kuna vidonge, vile vya shinikizo la damu na vya moyo, vinavyolegeza msuli kidogo. Vinakupa kichwa kuuma na havidumu. Kuna sindano ya Botox, ileile ya wanaokataa kuzeeka, inadungwa kwenye msuli kwa kupitia kamera. Inafanya kazi miezi sita, mwaka ukibahatika, na inafaa zaidi wazee wasioweza kuhimili upasuaji. Kuna puto: linaingizwa likiwa limekunjwa, linajazwa hewa palepale mlangoni hadi upana wa milimita 30, mara nyingine 35 au 40, linachana nyuzi za msuli kwa nguvu. Ni rahisi, unarudi nyumbani haraka, lakini mara nyingi unalirudia, na kwa wachache umio hutoboka, hapo ni dharura. Kuna upasuaji wa Heller, unaitwa jina la Mjerumani aliyeufanya Leipzig mwaka 1913: msuli unakatwa kwa urefu kutoka nje, siku hizi kwa matundu madogo, na tumbo linakunjwa kidogo juu ya jeraha ili asidi isipande. Na kuna ile mpya, POEM, iliyofanywa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa mwaka 2008 na Haruhiro Inoue wa Japani: wanapita mdomoni, wanachimba njia ndani ya ukuta wa umio wenyewe, wanakata msuli kutokea ndani. Huachi hata kovu.

"Ipi ni bora?" nikauliza.

Akacheka kidogo. Akaniambia utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka 2011 ulilinganisha puto na upasuaji: baada ya miaka miwili, 86 kwa 100 wa puto walikuwa wazuri, na 90 wa upasuaji. Karibu sawa, mradi ukubali kurudia puto. Mwingine wa 2019 ulilinganisha POEM na Heller: 83 kwa 82. Lakini waliofanyiwa POEM, 44 kwa 100 walikuwa na umio ulioungua kwa asidi, dhidi ya 29. "Hakuna inayorudisha neva," akasema. "Zote zinafanya kitu kimoja. Zinavunja mlango. Tofauti ni namna ya kuuvunja, na nani yuko karibu anayejua kuuvunja, na una pesa ngapi."

Nyumbani usiku huo nilisoma kwamba mgonjwa wa kwanza kuandikwa alikuwa wa Thomas Willis, daktari Mwingereza, mwaka 1674. Willis alimtengenezea kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sponji kwenye ncha, na yule bwana akawa anakula, anajisukumia chakula na kijiti, kila mlo, kwa miaka mingi. Nilimwonea wivu. Kijiti hakihitaji harambee.

*

Sasa kosa langu. Hospitali iliyokuwa tayari kunifanyia puto ilitaka pesa ambazo kwa bahati tulikuwa nazo, karibu zote. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya ntheo: mbuzi, hema, viti, nguo za kushona, gari. Mchumba alisema tuahirishe. Alisema kwa urahisi, kama mtu anayeahirisha mechi. Mimi nikakataa.

Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimemsikia shangazi yake, Pasaka ileile, nyuma ya jiko, akiuliza huyu msichana ana nini mbona amekauka hivi, kama ana ugonjwa semeni mapema. Ukiahirisha ntheo, lazima utoe sababu. Ukitoa sababu, inajadiliwa na wazee kumi na wanne. Nikamwapisha mchumba asiseme. Nikasema puto litangoja Februari, msuli haujaenda popote. Alikasirika, tukakaa siku tatu bila kuongea, halafu akakubali, na nadhani hajawahi kunisamehe kabisa kwa kumfanya akubali. Kufikia Desemba nilikuwa kilo 47. Fundi alibana gauni mara mbili.

Basi mbuzi walifika. Wazee wakakaa, maneno yakasemwa, mafumbo yakatupwa na kudakwa, mbuzi wakapelekwa nyuma. Mpaka hapo nilikuwa salama, maana nilidhani watakula wao na mimi nitatabasamu. Lakini siku hizi kila shughuli ina emsii. Wetu alikuwa kijana kutoka Kitui mjini mwenye suti ya kung'aa, na alipoona nyama imeanza kutoka akatangaza kwamba bwana atamlisha bibi, kipande cha ini, watu watoe simu. Sidhani hiyo ni mila. Sidhani hata yeye alijua kama ni mila. Lakini simu thelathini zilikuwa juu, na shangazi alikuwa mstari wa mbele.

Mchumba alikuja na ini kwenye kijiti cha meno. Mkono wake ulitetemeka. Alikuwa amechagua kipande kidogo kuliko vyote, mtu angesema ni ubahili. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukitaka nianguke nijifanye nimezimia, niambie sasa."

Nikafungua mdomo. Nikatafuna. Ini ni laini lakini kavu, linageuka unga, na unga ndio mbaya zaidi. Nikatafuna mpaka watu wakapiga vigelegele, wakachoka, wakaanza tena. Nikalisukuma kwenye shavu. Nikatabasamu na shavu moja. Nilijua nikimeza litakaa, mate yatajaa juu yake, na kabla ya picha za familia nitakuwa nyuma ya choo mikono juu, na shangazi ananihesabia.

Susu, nyanya yangu, alikuwa amekaa kushoto kwangu. Ana miaka themanini na kitu, haoni vizuri jicho moja. Alinyanyuka kwa fimbo yake kana kwamba anakuja kunibariki, akanifunika kichwa na leso yake, akanivuta kifuani. Chini ya leso kukawa na giza na harufu ya ugoro. Akaweka kiganja chake chini ya mdomo wangu. Hakusema kitu. Nikatema. Akafunga ngumi, akanitolea leso, akageukia watu na kusema kwa Kikamba, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo:

"Amekula. Mimi nimeona."

Vigelegele. Akarudi kukaa na ngumi yake imefungwa, na hivyo ndivyo alivyo kwenye kila picha ya siku hiyo.

*

Puto lilifanyika Februari 2024. Liliniuma kama kupigwa teke na punda kutoka ndani. Siku ya tatu nilikula wali, ukashuka. Nilisimama katikati ya chumba nikiusikiliza. Nililia, nikala tena. Nikaongeza kilo tano kwa miezi mitatu. Mwezi wa nane, chapati ikasimama. Puto la pili, kubwa zaidi, lilinipa miezi minne. Daktari aliniambia vijana ndio huwa hivi, puto haliwadumu kama wazee, na kwamba sasa tuongee juu ya kisu.

Upasuaji wa Heller pesa yake haikuwa mbuzi na hema tena. Ilibidi kundi la WhatsApp, na kundi la WhatsApp maana yake Makindu wajue. Mchumba, ambaye sasa ni mume kwa ushahidi wa Susu, alisema ataenda kumwambia mama yake ana kwa ana. Nikasema tunaenda wote.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mama mkwe alinisikiliza akichambua ndengu kwenye ungo, na nilipofika kwenye neno akalasia akaniuliza lina herufi ngapi, amwandikie mchungaji. Halafu akasema, "Nilikuona Pasaka ile, nyuma ya nyumba, mikono juu. Nikasema huyu ama anaomba ama kuna kitu kimemkaba." Akaendelea kuchambua. Ndipo nikakumbuka: tangu siku hiyo, kila nilipofika Makindu, kabla sahani hazijatoka, kulikuwa na kikombe cha uji mwepesi mbele yangu. Nilidhani ni kawaida ya nyumba. Niliangalia nyuma kichwani mwangu, ziara baada ya ziara. Hakuna mwingine aliyewahi kupewa. Shangazi, kwa taarifa yako, alitoa shilingi elfu kumi, na akaandika kwenye kundi kwamba yeye alijua tangu zamani na hakuna aliyemsikiliza. Ni kweli kabisa.

Nilipasuliwa mwaka 2025. Matundu matano, siku tatu hospitalini, wiki mbili za supu. Kovu kubwa halifikii urefu wa njiti ya kiberiti.

Sijapona kama mnavyojua kupona. Mawimbi hayarudi. Chakula changu kinashuka kwa mvuto wa dunia tu, kama mawe kwenye kisima, kwa hiyo sili nimelala, sili baada ya saa moja jioni, na kitanda chetu kina matofali mawili chini ya miguu ya upande wa kichwa. Mkate laini bado ni adui. Maumivu ya kifua yananitembelea mara moja moja. Na kwa kuwa mlango sasa hauwezi kufunga vizuri, asidi hupanda, na nimeandikiwa dawa ya kila siku. Omeprazoli. Ile ile. Mfamasia wangu wa Umoja, aliponiona nimerudi, alisema, "Nilikwambia ni vidonda." Sikuwa na nguvu ya kubishana. Kila baada ya miaka kadhaa nitaangaliwa kwa kamera, maana umio uliokaa na chakula kilichooza una hatari zaidi ya ile ya mjomba. Mwaitu ameandika tarehe kwenye kalenda ya kanisa, ingawa kalenda hiyo itaisha kabla.

Nilirudi kwenye mlango wa bluu. Yule kijana amehamishwa, hawakujua wapi.

Siku hiyo, tukirudi Nairobi, tuliingia kwa lile hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Limekuwepo tangu 1926, na kila mpita njia hulishwa bure, awe nani. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi na mume wangu. Yeye huingia kula, mimi hubaki nje nikisema sina njaa, nikiangalia tausi. Safari hii nilivua viatu, nikafunga kitambaa kichwani, nikaosha mikono. Tukakaa. Dengu, mboga, chai, chapati moja. Familia moja iliyokuwa ikielekea Voi ilikaa, ikala, ikaondoka. Ikaja nyingine. Mume wangu alimaliza, akaanza kusoma mambo ya mpira kwenye simu, bila haraka. Nilitafuna, nikanywa, nikangoja, nikasikia inashuka. Dakika arobaini.

Mzee mwenye ndevu nyeupe na kikapu cha chapati alipita akasimama mbele yangu. Akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akauliza kwa Kiswahili cha zamani kama niongezwe.

Nikanyoosha mikono miwili pamoja, kama wanavyopokea pale, akaweka ya pili.